Kimya cha Mapigo Tisa

Hester Oldroyd aligundua kosa lake Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto na wembe wa kukatia tepe uko mkononi. Alikuwa amepachika mashineni utepe wa mwisho wa muziki uliorekodiwa kanisani, akauzungusha mpaka karibu na mwisho, akavaa hedifoni, akasikiliza. Ubavuni mwa boksi palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: "Kimya cha kanisa, sekunde sitini." Okestra ikapiga noti ya mwisho. Noti ikafifia. Mtu akakohoa, mbali, juu. Halafu tak, mashine imezimwa, na kuanzia hapo utepe ulikuwa mtupu hadi mwisho wa gurudumu.

Akaurudisha nyuma, akasikiliza tena. Kikohozi, tak, utupu.

"Mungu wangu," akajisemea. "Hester, umefanya nini?"

Anayedhani kimya ni kimya tu, popote pale, hajawahi kuifanya kazi hii, na namwomba atulie kidogo nimweleze. Kila nyumba ina kimya chake. Jikoni kwako kuna chake, na chumba cha mgonjwa kina chake. Kanisa la mawe lenye watu themanini waliovaa makoti lina kimya kizito, unakisikia kabisa kama una masikio. Sasa chukua muziki ulionaswa humo, ubandike katikati yake kipande cha utepe usio na kitu. Msikilizaji aliyekaa kwake hatajua ni nini kimetokea, lakini atashtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Ndiyo maana wanaorekodi muziki wana desturi yao. Kazi ikiisha, kabla mtu hajasogeza hata kiatu, prodyuza anaomba wote watulie dakika moja, na mashine inanasa hicho kimya. Baadaye ndicho kinachozibia viraka vyote. Ni jambo dogo sana, na hakuna anayelisahau. Hester hakuwahi kulisahau kwa miaka thelathini.

Na angalia basi mahali alipokuja kulisahau! Katika muziki wote ambao Waingereza wamepata kuandika kwa ajili ya piano na okestra, alikuja kulisahau kwenye ule wa mzee Ambrose Sugden.

Mzee Ambrose alikuwa mtu wa mji huohuo wa Hester, mji wa viwanda vya sufu huko milimani Yorkshire. Siku za kazi alichambua sufu kiwandani, Jumapili alipiga kinanda kanisani, na usiku aliandika muziki ambao hakuna aliyemwomba auandike. Mwaka 1931 muziki wake wa piano na okestra ulipigwa katika ukumbi wa mji, mara moja tu. Sehemu ya pili, ile ya polepole, ina mahali ambapo kila kitu kinasimama. Piano inapiga noti moja ya chini, inaachwa ife yenyewe, kisha mapigo tisa ya kimya kitupu, halafu piano inarudi peke yake na ule wimbo ambao muda wote okestra ilikuwa ikiuzungukazunguka bila kuusema. Wimbo wenyewe mdogo tu. Lakini bila kile kimya, hausikiki kuwa ndio wenyewe.

Siku ile, kwenye pigo la tatu, mtu akapiga makofi. Safu yake ikafuata, ukumbi mzima ukafuata, watu wakasimama wakidhani muziki umekwisha na kukimbilia makoti yao. Mpiga piano akainama kwa aibu. Gazeti la mji likaandika kwamba kazi ya Bwana Sugden ni nzuri ila ni fupi. Mzee hakuruhusu tena muziki wake upigwe mbele ya watu, na kwa miaka arobaini na mitatu ukimtajia siku ile alikuwa anageuza uso na kuuliza habari za hali ya hewa.

Aliyepiga makofi ya kwanza alikuwa mtoto wa miaka minane, mwenye kofia nyekundu ya kufumwa, aliyeketi na baba yake safu ya pili. Jina lake Hester Oldroyd. Baba yake alimbana mkono, lakini maji yalikwishamwagika. Hakuwahi kumwambia mtu.

Mtoto huyo akakua akawa mwanamke wa kunyamaza. Wakati wa vita shirika la redio lilimfundisha kunasa sauti kwa sababu wanaume walikuwa wamekwenda kupigana, na vita vilipokwisha akakataa kurudi jikoni. Mama yake alipougua alirudi mjini kwao na mashine zake mbili, akaziweka sebuleni, na tangu hapo makampuni madogo ya santuri yalimpelekea tepe zao azikate na kuziunga. Majirani walidhani anashona nguo, maana kila walipochungulia waliona vipande virefu vya kahawia vimening'inia kwenye rafu iliyo juu ya meko, kila kimoja na kikaratasi chake. Vidole vyake viwili havikukosa plasta. Aliwahi kuwa na mchumba, mtu mwema, mwenye duka la viatu, lakini alikuwa akila kwa kelele, na Hester alimvumilia miezi minane akashindwa. Usicheke. Kila mtu ana mahali pake pa kushindwa.

Kwa hiyo Lionel Crabtree alipomjia na habari kwamba kampuni yake itarekodi kazi ya Sugden, Hester alikaa chini bila kuona kiti kiko wapi. Lionel alikuwa prodyuza, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye ndevu na kelele nyingi, na muziki wa Waingereza waliosahauliwa ndio uliokuwa wazimu wake.

"Mzee yuko hai, Bi Hester," alisema. "Ana miaka themanini na sita, kifua chake kimekwisha, lakini yuko hai. Tunarekodi Machi, kanisa la Zoar. Utakaa na mashine?"

"Nitakaa."

"Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Ni unga. Nilikuwa nakanda mkate," alisema Hester, na nyumba nzima haikuwa na unga hata kijiko.

Siku ya kurekodi boila la kupasha kanisa joto lilizimwa, maana linanguruma, na watu wakapiga muziki wamevaa makoti na glavu zilizokatwa vidole. "Bi Hester," mpiga tarumbeta mmoja alimwita, "hili ni kanisa au friji ya samaki?" Mzee Ambrose aliletwa na Thirza, binti wa dada yake aliyekuwa akimtunza, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache na mikono yenye nguvu. Mzee alitaka kukaa ghorofani, kwenye roshani, kiti kilekile alichokaa alipokuwa kijana. Maikrofoni mbili kubwa zilining'inia hatua tatu kutoka hapo. Hester aliona, na Lionel aliona.

"Mwambie akae chini," alisema Hester.

"Mwambie wewe," alijibu Lionel.

Hakuna aliyemwambia. Kabla ya kuanza mzee aliinama juu ya ukingo, akawaambia watu themanini kwa sauti iliyokwaruza: "Kile kimya changu, jamani. Nakiomba kisafi. Mtu asiniingilie humo."

Hester, ndani ya kichumba cha nyuma kati ya ndoo na vitabu vya nyimbo, alisimama ghafla kama ameitwa jina.

Chama cha wanamuziki hakina mchezo. Saa tatu za kazi, chai katikati, na ikifika saa saba kamili vifaa vinakwenda maboksini hata kama noti iko nusu. Ili kuokoa sekunde, Hester alikuwa na tabia ya kuandika boksi mapema. Saa saba kasoro dakika nane alikwishaandika, "Kimya cha kanisa, sekunde sitini." Saa saba kasoro dakika mbili noti ya mwisho ilipigwa, ikafifia, na juu roshanini mzee akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha kutisha, cha mtu anayetafuta hewa asiione. Lionel alikuwa amekwishatoka kuwashukuru wanamuziki, akiamini mwenzake yuko kwenye mashine. Hester akaizima mashine, akavua hedifoni, akapanda ngazi mbili mbili na glasi ya maji mkononi, akiomba moyoni: asife leo, asife hapa. Mzee hakufa. Alikunywa maji, akamtazama, akasema, "Asante, bibie, nawe ni nani?" Chini huko vifaa vilikuwa vinafungwa. Hester alirudi, akautia utepe ndani ya boksi lililokwishaandikwa, akaenda zake nyumbani kwa furaha. Furaha! Wiki nane nzima alikuwa na furaha ya bure.

Sasa ilikuwa Mei. Ijumaa Lionel alitakiwa kupanda treni kwenda London na utepe uliokamilika, ili santuri ya majaribio ichongwe siku hiyohiyo. Haraka yote ilikuwa kwa sababu ya Thirza, aliyepiga simu Jumapili.

"Daktari anasema wiki mbili, akijitahidi," alisema. "Mjomba hataki kusikia habari za hospitali. Anauliza santuri tu. Kila asubuhi, imekuja? Imekuja? Bi Oldroyd, nisikudanganye, nadhani ndiyo inayomweka hai."

Jumatatu ile Hester alisikiliza mara zote tatu walizopiga ile sehemu ya kimya. Mara ya kwanza mpiga selo amejiegemeza na kiti kimelia. Mara ya pili lori limebadilisha gia mlimani. Mara ya tatu mtu ameangusha penseli, nayo imebiringika, imebiringika, utadhani ilikuwa na mahali pa kwenda. Kila uchafu ulikuwa katikati kabisa ya yale mapigo tisa. Pigo la kwanza na la pili, noti ya piano ikiwa inakufa, yalifaa. Baada ya hapo alihitaji sekunde nane za kanisa la Zoar, na hakuwa nazo.

Jumanne alichukua mashine ndogo ya kubeba, akapanda mlima kwenda Zoar. Kwa mbali alisikia nyundo. Kanisa lilikuwa limeuzwa kwa mfanyabiashara wa mazulia. Viti vyote vya mbao vilikuwa vimeng'olewa na kutupwa uani, na roshani ilikuwa imekatwa nusu.

"Naomba mninyamazie dakika moja," aliwaambia mafundi.

"Mama, unarekodi nini humu?" mmoja aliuliza. "Kuna mzimu?"

"Nisaidie tu, mwanangu."

Wakanyamaza, wamevua kofia kana kwamba ni mazishi. Hester akanasa dakika yake, akarudi mbio, akaisikiliza. Ilikuwa takataka. Lilikuwa kanisa tupu, mawe na vumbi, linarudisha sauti kama pipa. Akabandika sekunde mbili za kujaribia katikati ya muziki na ule utepe ukawa kama suruali ya bluu yenye kiraka chekundu. Akakibandua. Akaweka wembe chini. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni amekunja mikono kwapani, akimwona mzee yule kitandani amefumba macho, amefika kwenye pigo la tatu, na hapo, kwa mara ya pili katika maisha yake, anaharibiwa na mtu yuleyule.

Jumatano asubuhi akapiga moyo konde, akampigia Lionel.

"Lionel, ile dakika haipo."

"Dakika gani?"

"Ya kimya."

"Si umeiandika kwenye boksi?"

"Niliandika kabla."

Lionel akasema, "Bi Hester. Wewe? Wewe uliyenitoa nje ya chumba siku ile kwa sababu tumbo langu limenguruma?"

"Nitukane tu, nimestahili."

"Sikutukani. Nashindwa kuamini, ni tofauti." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Kata. Mapigo tisa yafanye matatu. Ile noti ikishakufa, ingiza piano. Nani atahesabu?"

"Yeye atahesabu."

"Mzee anakaribia kufa, Bi Hester!"

"Ndiyo maana atahesabu."

"Basi weka utepe mtupu. Kwenye gramafoni ya mzee, na mikwaruzo ya sindano, hatasikia."

"Atasikia, Lionel. Mimi namjua."

"Unamjua tangu lini? Mlikutana roshanini dakika mbili, ukampa maji."

Hester angeweza kusema ukweli wakati ule. Neno lilifika mdomoni likarudi.

"Nipe mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi," alisema. "Nitakuja stesheni mwenyewe."

Alipokata simu hakuwa na wazo lolote. Naomba hilo lieleweke, maana watu hupenda kusema alikuwa fundi, alijua. Hakujua. Alirudi kwenye kiti kwa sababu hakuwa na pengine pa kurudi, akaanza kupitisha tepe zote tangu mwanzo, kama mtu anayepekua mifuko ile ile akitafuta ufunguo. Akasikia sauti ya Lionel kwenye spika: "Sehemu ya pili, mara ya kumi na moja." Kisha kidogo sana, kabla okestra haijaanza, watu themanini wameshusha pumzi na kusubiri fimbo ya kiongozi wao. Kisha muziki.

Akaurudisha. "Mara ya kumi na moja." Hicho hapo. Chini ya sekunde moja. Kimya cha Zoar, cha siku ile, chenye watu wote na makoti yao.

"Ahaa," alisema Hester kwa sauti nyembamba. "Kumbe upo."

Walikuwa wamepiga vipande vya muziki ule mara thelathini na nne kwa jumla. Nyingine hazikufaa, mtu amesogeza karatasi, au kiongozi ameanza kabla Lionel hajamaliza kusema. Lakini hadi Jumatano jioni, rafu ya meko ilikuwa imening'iniziwa vipande kumi na tisa, vifupi kama vidole, kila kimoja na namba yake. Aliviunga vyote kwa mpangilio uleule alioviokota. Akavaa hedifoni, akasikiliza.

Kulikuwa na mtu humo.

Alikuwa anapumua. Maikrofoni zilikuwa hatua tatu kutoka kifua cha mzee Ambrose, kifua kilichomeza vumbi la sufu miaka hamsini, na kila kipande kilikuwa na pumzi yake ndani, na filimbi ndogo mwishoni. Na kwa kuwa Hester aliviunga ovyo, pumzi zilikuwa za kuvuta, kuvuta, kushusha, kuvuta, kuvuta tena. Ilikuwa sauti ya mtu anayezama. Alivua hedifoni akazitupa mezani.

Alijaribu kuondoa kila penye pumzi, akabaki na sekunde moja na kitu. Alijaribu kupunguza sauti, kimya kikapungua pamoja nayo na ule utupu ukarudi. Mtu asiniingilie humo, mzee alikuwa amesema, na aliyemwingilia alikuwa yeye mwenyewe. Hester alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akanawa uso, akabadilisha plasta, akafanya kitu kimoja kilichobaki.

Alhamisi nzima, tangu kulipokucha, alivitenga vipande mafungu mawili. Vya kuvuta vikakaa kushoto mwa rafu, vya kushusha kulia. Akachagua, akapima, akaunga, akasikiliza, akabandua. Cha kuvuta kutoka mara ya nne kilikwenda na cha kushusha cha mara ya ishirini na mbili, lakini hakikuelewana na cha tisa. Alikuwa akipumua navyo bila kujijua, na akikosea alikosa hewa yeye. Saa kumi jioni alikuwa na sekunde nane. Pumzi tatu, ndefu, za mtu mzee aliyetulia kwenye kiti chake. Ukisikiliza bila kujua, ungesema ni kanisa tu. Ukijua, hakuna kingine unachosikia.

Ijumaa stesheni alimkabidhi Lionel boksi. Lionel alimtazama macho yake mekundu.

"Umekipata wapi?"

"Kilikuwemo."

"Kisafi?"

"Panda treni, Lionel," alisema Hester.

Jumamosi alasiri wote wawili walikuwa kwa Thirza, chumba cha mbele, mahali kitanda cha mzee kilipohamishiwa ili aone mlima. Mzee alikuwa amepungua akawa pua na mikono. Thirza alileta chai na keki ya tangawizi ambayo hakuna aliyeigusa, akafungua kifuniko cha gramafoni. Hester alikaa karibu na mlango. Alikuwa amekusudia kwamba mzee akikunja uso tu, atatoka nje aende zake, hatarudi tena kwenye kazi ile, mashine ataziuza.

Sehemu ya kwanza ilipita. Mzee alikuwa amefumba macho, kidole kimoja kinapiga shuka. Sehemu ya pili ikaingia, fidla zikawa zinazunguka, zinazunguka. Piano ikapiga noti yake ya chini. Noti ikaanza kufa.

Moja. Mbili. Kidole kilikuwa kinahesabu. Tatu, na hapo Hester alikaza mikono miwili kwenye magoti, kana kwamba ingeweza kumtoroka ikapige makofi yenyewe. Kutoka kwenye santuri pumzi ikaingia, ikatoka. Kitandani pumzi ikaingia, ikatoka, na filimbi ileile. Nne. Tano. Thirza aliinua kichwa ghafla. Alitazama gramafoni, akamtazama mjomba wake, kisha akamgeukia Hester, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hester alitikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Saba. Nane. Tisa.

Piano ikaingia peke yake na wimbo wake.

Mzee hakusema kitu mpaka mwisho. Kisha akafungua macho.

"Safi," alisema. "Hakuna mtu. Hakuna mtu kabisa humo. Mmeniachia kimya changu kama nilivyokiandika." Akageuza kichwa polepole. "Wewe bibie wa maji. Ni wewe uliyekikata?"

"Ni mimi, mzee." Hester alisimama. "Na mwaka ule pia ni mimi. Makofi. Nilikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyeanza."

Lionel aliacha mdomo wazi. Mzee alimkazia Hester macho.

"Kofia nyekundu," alisema.

"Ndiyo."

"Safu ya pili."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Mimi nilidhani ni Mchungaji Holroyd, aliyekaa nyuma yako! Nilimnunia yule mtu hadi wakamzika. Miaka ishirini na mbili nampigia kinanda kanisani kwake na simwamkii!" Kifua kikaanza kutikisika, Thirza akakimbilia maji, lakini hakikuwa kikohozi, kilikuwa kicheko. "Masikini Holroyd. Sasa nitamwambia nini huko ninakokwenda?" Alipopata hewa aliuliza, "Kwa nini ulipiga?"

Hester alifikiri. "Nilidhani umemaliza. Na ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri," mzee alirudia, akafumba macho. "Thirza, mpe keki huyu mtoto."

Alikufa baada ya siku kumi na moja, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Santuri zenyewe zilitoka Septemba, na Hester akampelekea Thirza moja kwa posta. Siku mbili baadaye simu ililia.

"Bi Oldroyd? Mimi Thirza. Imefika. Ni yeye, siyo? Siku ile sikukosea."

"Ni yeye. Sikuwa na njia nyingine, Thirza. Kama unataka tuitoe, katika toleo jingine..."

"Hapana!" Thirza alisema, kwa ukali ambao Hester hakuutarajia. "Nauliza hivi, nitaipataje ile sehemu, bila kungoja yote? Hii mikono yangu haina ufundi. Sitaki kuikwaruza."

"Ishike santuri kwenye mwanga wa dirisha, uinamishe," alisema Hester. "Unaona mistari inametameta? Tafuta panapokuwa peusi, pembamba, karibu na katikati. Hapo ndipo kila kitu kinanyamaza. Weka sindano nyuma yake kidogo."

"Nimepaona."

Simu ikawekwa mezani. Hester, sebuleni kwake, aliubana mkono wa simu sikioni. Alisikia hatua, mkwaruzo, noti ya chini ya piano ikifa, kisha si kitu, kisha kwa mbali pumzi ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka. Piano ilipoanza, sindano iliinuliwa.

Thirza alirudi kwenye simu.

"Nairudia mara moja tu, halafu nakuacha uendelee na kazi zako."

"Rudia," alisema Hester. "Mimi nipo."